Vita Vikuu vya Tarishi Bartholomeo na Kimya cha Baraza la Ipogolo

Sogeeni, enyi watu wa Iringa, mlio mlimani na mlio bondeni, wenye viatu na wenye miguu mitupu! Wekeni majembe chini, tueni vibuyu vya ulanzi, pombe yetu ya mianzi, mahali visipomwagika, msikie habari za Bartholomeo, simba wa Ipogolo, ngurumo ya mabaraza, mwanamume aliyekabiliana na kimya mchana kweupe akakibwaga chini. Wako wanaosimulia vita vya mikuki na bunduki. Hao na waketi kwanza.

Katika miaka ile ya hamsini, kesi zilipohamishiwa jumba jipya juu mjini, baraza la zamani la Ipogolo lilibaki tupu, likawa ngome ya popo na buibui. Ndipo Bwana Joachim, ambaye watu walimwita Bwana Maendeleo kwa kazi yake, akaamuru lisafishwe liwe nyumba ya starehe ya watu wote, yenye drafti, gramafoni na dansi. Na nani akawekwa kulitunza? Bartholomeo, aliyekuwa tarishi wa baraza hilohilo tangu ujana, ambaye aliposema "Kimya barazani!" hata kuku wa nje waliacha kuparura.

Shujaa akaushika ufagio kama mkuki. Akawatimua popo, akapaka chokaa, akapanga madawati. Kizimba cha washtakiwa tu ndicho kilichomshinda kung'oa, maana kilijengwa kwa mninga na fundi asiyejua mzaha. Akakivika maua, akakiacha.

Jumamosi ya kufungua, Bwana Joachim akamwambia mlangoni, "Mzee Bartholomeo, lishike neno langu. Wakubwa wa wilaya hawataki jumba la watu kutazamana. Napanda mjini; nikirudi jioni niwakute wanacheza. La sivyo, Jumatatu hili ni ghala la mahindi, nawe utarudi kwenu ukalime."

Kulima hakukumtisha. Kilichomchoma ni jumba lenyewe, alilolipenda kuliko alivyowahi kukiri. Panya warithi chokaa yake?

Watu wakaja tele, wamevaa nguo za kanisani. Wakavua kofia mlangoni, wakaketi, wanaume kulia na wanawake kushoto, wakatazama mbele, wakangoja kuitwa majina. Gramafoni ikalia rumba. Hakuna aliyetikisa hata kidole. Karibu kila mmoja alikuwa amewahi kusimamishwa humo kwa ajili ya mbuzi aliyekula shamba la jirani, na magoti yake hayakuwa yamesahau.

Bartholomeo akasimama ili awachangamshe. Akavuta pumzi, akafungua kinywa, na ole wake! Mazoea yakamtangulia.

"Simameni! Kimya barazani!"

Wakasimama wote. Mzee mmoja akaanza kusema kwamba hana hatia.

Jasho likamtiririka shujaa, na jua nalo likazidi kuinama. Macho yake yakamwangukia Mama Verediana, muuza ulanzi, ambaye kwa ukali wa ulimi wake alikuwa amefikishwa humo mara nyingi kuliko mtu yeyote wa Ipogolo. Hapo akili ikamjia. Akatembea mpaka kizimbani, akaingia mwenyewe, akavua kofia.

"Kamwene, Mama Verediana!"

"Kamwene," akaitikia mama salamu hiyo ya Kihehe kwa wasiwasi.

"Panda, mama, ukalie kiti cha hakimu! Leo mimi Bartholomeo, niliyewaita wengi, najiita mwenyewe. Nihukumu mbele ya umati huu!"

Mama Verediana akajifunga kanga vizuri, akapanda, akaketi kana kwamba kiti kilichongwa kwa kipimo chake.

"Mshtakiwa! Si wewe uliyenisukuma humu, nina mtoto mgongoni, ukaniambia nifunge domo?"

"Ni mimi, mheshimiwa. Na naona aibu."

"Si wewe uliyekataza watu kukohoa, hata wenye kifua?"

"Ni mimi."

"Basi baraza limekuona una hatia, mbele na nyuma. Utacheza dansi humo humo kizimbani mpaka turidhike. Rufaa hakuna!"

Loo, nchi ilitikisika! Goti la kulia likapanda. La kushoto, lenye baridi yabisi, likafuata kwa muda wake. Maua yakapukutika. Yule mzee asiye na hatia akaangua kicheko, kikamrukia jirani yake, kikapita dawati kwa dawati.

"Nami nina hatia!" akapaza sauti mtu wa nyuma.

"Nami pia, tangu mwaka jana!"

Wakasukumana kuja kuhukumiwa. Mama akawahukumu kucheza wawili wawili, hasa waliokosana kwa ajili ya mbuzi.

Bwana Joachim aliporudi alikuta vumbi mpaka darini. Kabla hajauliza neno, sauti ikamshukia kutoka kitini, "Umechelewa barazani! Unakiri?"

Akatazama kushoto, akatazama kulia, akavua kofia yake ya ofisi. "Nakiri, mheshimiwa." Akacheza vibaya sana, nao wakamwongezea adhabu.

Giza lilipoingia Mama Verediana akamgeukia Bartholomeo, aliyekuwa bado kizimbani, shati limemganda mgongoni. "Shuka sasa, mzee wangu. Kifungo chako kimekwisha."

Tarishi hakushuka. Machozi yalikuwa yakimtoka, wala hakuyaficha, maana tangu ujana hakuwahi kuwa ndani ya kicheko cha watu wale. "Mheshimiwa," akasema, "makosa yangu ni mengi mno. Niongezee."

Akaongezewa mpaka asubuhi, kwa shangwe iliyosikika juu mjini, na tangu siku hiyo hakuna jemadari aliyeomba kifungo akakipata kwa heshima kama ile.