Kisosi na Kifungo cha Tatu

Jumatatu, 3 Machi
Koti halifungi! Koti langu mwenyewe, nililolishona kwa mikono hii, la harusi ya Jumamosi. Kifungo cha tatu na tundu lake hawasalimiani. Kulipanua ni aibu. Shemeji, kaka wa mke wangu, naye ni fundi cherehani, duka lake linatazamana na langu, na nimemtambia mara mia kwamba vipimo vyangu havikosei. Basi tumbo lipungue.

Jumanne, 4 Machi
Ajabu ya maajabu! Nimepakua upawa mmoja wa wali kwenye sinia: ukaonekana umesahauliwa na wenzake. Upawa uleule kwenye kisosi: mlima! Nikamwita mke achague ulio mwingi. Akaonyesha kisosi bila kusita. Mwili ulinisisimka. Kumbe macho ndiyo yanayokula, tumbo linapokea tu!

Jumatano, 5 Machi
Nimekula kwa kisosi na kijiko cha chai. Vijiko thelathini na viwili! Sijawahi kuona muujiza kama huu. Mke kasema hicho ni chakula cha kuku. Wivu. Baadaye nikaongeza kisosi kingine. Kisosi si sahani, hakihesabiki.

Alhamisi, 6 Machi
Visosi saba. Mke analalamika anaosha vyombo kama tuna wageni. Lakini sahani? Hata moja! Nidhamu yangu inanitisha mwenyewe.

Ijumaa, 7 Machi
Nimejipima. Kiuno kimeongezeka nusu inchi! Ni dhahiri tepu ya kupimia imenywea. Nimeitupa.

Jumamosi, 8 Machi
Harusini. Nilifunga kifungo kwa kubana pumzi. Shemeji akaketi kando yangu, akauliza kama bado napumua. Sikumjibu, sikuwa na pumzi ya kujibia. Kisosi nilikuja nacho mfukoni. Nilipoinama kujaziwa kisosi mara ya tano, kifungo kiliruka, kikatua katikati ya supu ya shemeji. Akakitoa kwa kijiko, akakifuta, akaninong'oneza nipite dukani kwake kesho, atalipanua koti, na hatamwambia mtu. Machozi yalinilengalenga.

Jumapili, 9 Machi
Wema wa shemeji umenigusa sana. Siendi. Kosa nimeligundua: kisosi kina ukingo mpana mno! Leo nimekula kwa kifuniko cha chupa ya chai. Subhana! Vilima kumi na kimoja, na sahani sikuigusa.