Pembetatu Ishirini Sawasawa

Kwa furaha isiyo kifani, Idara ya Paa na Mapokezi ilitangaza kwamba wageni wake hawatasubiri tena juani. Watasubiri vilevile, ila sasa ndani ya kibanda cha vioo vya pembetatu.

Kazi ya kukichora ikamwangukia mchoraji wa idara, kibarua wa muda kwa mwaka wa tisa. Barua yake ya ajira ya kudumu ilikuwa kwenye droo ya Mkurugenzi, imechapwa, imepigwa muhuri, inangoja sahihi tu. Kila akiiulizia, anaambiwa, "Njoo Jumatatu." Jumatatu za miaka tisa, jamani, si mchezo!

Basi akaketi kwenye kompyuta. Akachora kuba, uso wake akaugawa kwa mistari ya wima na ya ulalo, kila kijumba akakikata mshazari. Kufumba na kufumbua kuba lote likavaa wavu wa pembetatu. Lilipendeza mpaka akajipigia makofi mwenyewe.

Mkurugenzi akaja, akainamia skrini, miwani puani.

"Binti, hizi za juu mbona ndogo?"

"Ni kule kupinda, Mkurugenzi. Kuba linabana kadiri linavyopanda, nazo zinapungua."

"Yaani walio juu wapate kidogo kuliko walio chini? Huo ni uchochezi!"

Ikaundwa Kamati ya Usawa wa Pembetatu. Ikakaa siku kumi na moja, ikanywa chai, ikasafiri kwenda kuziona pembetatu za ng'ambo, ikarudi na kanuni, Mkurugenzi akazisaini papo hapo. Pembetatu zote zilingane, na isikatwe wala kutolewa hata moja. Tena mchoro ukishapitishwa, asiuguse mtu ila mtumishi wa kudumu.

Mchoraji akazilinganisha. Akakutanisha tano kwenye kila ncha, na zilipotimia ishirini, sakafu ikiwemo, kitu kikajifunga chenyewe kama mpira. Akapeleka dokezo: "Kibanda hakina mlango." Likarudi na wino mwekundu: "Imeonekana. Endelea."

Uzinduzi ukawa Ijumaa. Mkurugenzi akaamua hotuba aitolee ndani, apigwe picha kioo cha mwisho kikifungwa. Fundi akakaza nati, vigelegele vikapigwa, hotuba ikaenda saa nzima. Ilipokwisha, Mkurugenzi akapunga mkono, akageuka kushoto, akageuka kulia, akazunguka. Watu wakazidi kushangilia wakidhani anacheza.

"Fundi! Fungua!"

"Mchoro hauna pa kufungua, bosi. Nikitoa hata kioo kimoja, kazi sina. Kanuni umeisaini mwenyewe."

"Binti! Badilisha mchoro!"

Mchoraji akasogelea kioo, kicheko akikizuia. "Ningependa sana, Mkurugenzi. Lakini kanuni inataka mtumishi wa kudumu, na mimi ni kibarua tu."

Mkurugenzi akatiririkwa na jasho mpaka miwani ikaingia ukungu.

"Droo ya pili," akasema hatimaye. "Chini ya magazeti."

Katibu muhtasi akaenda mbio, akarudi na barua, akaipenyeza kwenye ufa wa vioo pamoja na kalamu. Kwa huruma akapenyeza na mrija wa soda. Mkurugenzi akasaini juu ya goti, akairudisha kwa ufa uleule, na kwa mara ya kwanza katika utumishi wake hakudai nakala tatu.

Mchoraji akaisoma barua mara mbili. Machozi yakamlenga, kicheko kikamponyoka, akaikumbatia ile karatasi mbele za watu wala asione haya. Kisha akainua macho kwenye saa ya ukutani. Saa kumi na dakika mbili. Akachukua mkoba wake.

"We! Unakwenda wapi? Si huwa unakaa hapa mpaka giza linaingia?"

"Hiyo ilikuwa enzi ya ukibarua, Mkurugenzi," akajibu kwa adabu zote. "Mtumishi wa kudumu anatoka saa kumi. Njoo Jumatatu."