Jiwe Nililolilamba Athens

Leo nimemfokea mzee wa watu katikati ya Athens, Ugiriki, mpaka watalii wakasimama kutazama. Tena kwa Kiswahili! Msicheke kwanza, sikilizeni.

Nimekuja kumtembelea dada yangu Neema, ameolewa huku. Asubuhi kanipeleka Plaka, mtaa wa kale katikati ya mji. Vichochoro, ngazi, ngazi, halafu ngazi. Mwanangu Mabula anaota meno, siku mbili hajalala, na mimi sijalala. Nikambeba mgongoni kwa kanga, napanda huku namwimbia. Tulipofika juu, penye magofu, akalala. Akalala! Nilitamani kulia.

Ndipo nikaona jiwe. Jeupe, limemeguka, linametameta. Sasa umezaliwa Nyarugusu, kwenye machimbo, mama yako kaponda mawe ya dhahabu, mumeo anachimba duarani, kwenye shimo la dhahabu, utalipita? Nikaliokota. Nikalilamba (ndiyo, nimelilamba, likilowa ndipo chembe za dhahabu zinaonekana). Nikaligeuza juani.

Priiii! Filimbi! Mzee mwenye sare anakuja mbio, kidole kakielekeza kwenye jiwe. Nikajua huyu ndiye mwenye eneo, anataka mgao. Kwetu ndivyo ilivyo. Nikasema kistaarabu, "Shikamoo baba. Tugawane nusu kwa nusu." Na kwa mkono nikaonyesha pa kulikata.

Akapiga filimbi tena. Hatua moja kutoka sikio la mtoto.

Mabula akaamka na yowe. Hapo uvumilivu ukaniishia. "Wewe huna wajukuu? Siku mbili! Siku mbili hajalala huyu!"

Dada akanivuta. "Mama Mabula, rudisha jiwe la watu."

"Watu gani? Nimeliona mimi!"

"Ni kipande cha hekalu, lipo tangu kabla ya Yesu. Anadhani unaiba."

Mayo wane, mama yangu! Nimelamba hekalu!

Watalii wawili wananirekodi. Nikalipangusa mate kwa pindo la kanga, nikaliweka chini taratibu kama yai.

Ila kinyonge sikuondoka. Kwenye kibanda cha walinzi kuna daftari la malalamiko. Nikaomba kalamu. Dada kagoma kunitafsiria, nikaandika Kiswahili, kwa mwandiko wangu wa kidato cha nne:

"Mimi Mama Mabula wa Nyarugusu, Geita, nalalamikia filimbi ya mlinzi wenu. Jiwe nimelirudisha mahali pake. Naomba na yeye arudishe usingizi wa mwanangu."