Upepo wa Kitanda cha Jirani

Jumatano, tarehe 26 Februari
Uvimbe kwenye utumbo mpana. Utatolewa pamoja na kipande cha utumbo. Daktari wa upasuaji kalisema hilo kama anayeagiza suruali ipunguzwe. Mimi ni fundi cherehani, suruali nimepunguza maisha yangu yote. Hata hivyo nilimwomba aseme tena, polepole.

Kuna zito zaidi. Jumatatu ya tarehe 17 Machi tunaanza kukata sare za shule, na mkataji mkuu ni mimi. Bosi, mama mwenye karakana, kasema nisipokuwepo siku hiyo mkasi mkubwa anapewa Shemeji. Kaka wa mke wangu! Mtu anayekata kola kama anamenya viazi! Lazima nipone upesi.

Alhamisi, tarehe 27 Februari
Nesi wa maandalizi kasema siku hizi anayejiandaa vizuri hakai sana wodini. Nitembee kila siku. Nifanye mazoezi ya kupumua. Nile vizuri, niache sigara. Kanivisha saa ya kuhesabu hatua. Nilichoka kwa kumsikiliza tu.

Lakini saa haijui tofauti ya mguu na pedali. Nimeifunga kwenye pedali ya cherehani. Kufika jioni nilikuwa nimeshona mashati matatu na kuzunguka mji mzima. Sikuinuka kitini!

Jumatatu, tarehe 10 Machi
Nimelazwa. Nesi kaisoma saa, katoa macho, kawaita wenzake. Kaandika kwenye faili kwamba mimi ni mtu wa mazoezi makali. Niliinamisha kichwa kwa unyenyekevu.

Jioni, dawa ya kusafisha tumbo. Naandikia chooni. Mke wangu kagonga mlango, kauliza kama bado nipo. Nimejibu kwamba kidogo nimebaki.

Jumatano, tarehe 12 Machi
Nipo! Jana kabla ya kuingizwa chumba cha upasuaji nilimwuliza daktari kama anashona kwa mkono. Kasema wana mashine pia. Nilitaka kuuliza ya aina gani, usingizi ukanichukua. Mke wangu alikuwa amenishika mkono mpaka mlangoni. Niliogopa kufa. Basi.

Asubuhi kaja mtaalamu wa mazoezi na faili langu. Wengine leo wanakaa kitini na kutembea hatua chache. Mimi, kwa sifa zangu, korido nzima kisha ngazi. Kwenye kitanda cha jirani yupo Postamasta, mzee mstaafu wa posta tuliyepasuliwa naye siku moja. Yeye alikwenda dirishani na kurudi, akitafuna chingamu ili utumbo uamke, kama walivyomwagiza. Mimi kwenye ngazi nilimkumbatia mfagizi ili nisianguke. Nimerudishwa kwa kiti cha magurudumu.

Alhamisi, tarehe 13 Machi
Wodi hii ina sheria. Hupewi chakula kamili wala ruhusa ya kwenda nyumbani mpaka utoe upepo. Ndiyo dalili kwamba utumbo umeamka. Nesi anauliza kitanda kwa kitanda, kama anayeulizia habari za watoto.

Wangu kimya. Mara, nyuma ya pazia, ukasikika. Mrefu, wa heshima zake. Nesi akauliza ni wa nani. Nikanyoosha mkono! Postamasta akasema ni wake. Nikasema mzee wa watu amechanganyikiwa na dawa. Akaapa. Nikaapa. Nesi, ili yaishe, akatuandikia wote wawili.

Ushindi! Mchana nimekula mkate, mayai na ndizi. Shemeji ajiandae.

Ijumaa, tarehe 14 Machi
Nimetapika kila kitu. Tumbo limejaa kama ngoma. Nimewekewa mrija puani. Daktari kauliza kama upepo ule ulikuwa wangu kweli. Nimemjibu kwamba kelele zilikuwa nyingi.

Postamasta ameruhusiwa. Kapita kuniaga akiwa amevaa koti lake, kaniombea afya, kaniachia chingamu zilizobaki. Dharau iliyoje!

Jumatatu, tarehe 17 Machi
Bado wodini. Leo mkasi unakwenda kwa Shemeji. Nimegeukia ukuta, nimelia kidogo.

Mchana, upepo. Wangu mwenyewe! Nikapiga kelele kumwita nesi. Kagoma kuandika. Kasema kwangu mimi ataamini akisikiliza tumbo kwa masikio yake.

Alhamisi, tarehe 20 Machi
Nyumbani. Masharti: nisinyanyue kitu kizito kwa wiki sita, nitembee polepole. Uvimbe umetoka wote. Daktari kasema nina bahati.

Jioni Shemeji kaja. Kasema mkasi ameukataa. Kamwambia Bosi waanze na oda nyingine, sare zisubiri, mkasi ni wangu, unisubiri mpaka nipone. Bosi kakubali. Shemeji kasema dada yake hana mume mwingine. Mke wangu kafuta machozi. Mimi nami nikafuta yangu, nikamshika mkono.

Alipoondoka nikatafakari. Mtu gani anakataa mkasi mkubwa? Ananitaka nilale wiki sita, Bosi azoee kuishi bila mimi! Hii ni hila ya kiwango cha juu. Karibu niingie mzimamzima.

Kesho asubuhi na mapema naenda karakanani. Jora la kitambaa nalibeba begani mwenyewe, wote waone. Mke wangu nimemwambia natoka kutembea polepole, kama nilivyoagizwa. Amefurahi sana. Kasema hatimaye nimeanza kusikia la daktari.