Hotuba ya Kamishna Tuttweiler Akifungua Ofisi ya Mawakili wa Bure, Kaunti ya Pruett, Mississippi

Mheshimiwa Jaji, ambaye hayupo kwa kuwa msimu wa kuwinda kulungu ulifunguliwa jana. Mheshimiwa Sherifu, pamoja na mheshimiwa mbwa wa Sherifu. Mchungaji wa Kanisa la Kwanza la Wabaptisti, na Mchungaji wa Wabaptisti waliogombana na wale wa Kwanza. Mabibi na mabwana wapiga kura. Nanyi ndugu zangu mnaochungulia kwenye madirisha ya jela hapo ng'ambo, ambao kura yenu sina haja nayo leo lakini nawapenda hivyo hivyo. (Jibu kutoka jela. Haliandikiki.)

Mimi, Harlan Tuttweiler, Kamishna wenu kwa awamu ya nne, nasimama hapa kwa unyenyekevu ambao hakuna kiongozi mwingine jimbo zima aliyewahi kuufikia. (Makofi, yameanzishwa na mkewe.) Zaidi ya miaka sitini iliyopita, Mahakama ya Juu kule Washington iliamua kwamba maskini akishtakiwa kwa kosa kubwa apewe wakili bure. Wengine wakakurupuka, wakatekeleza. Sisi tukasema hapana, jambo la katiba haliendewi mbio, likaundiwa kamati, kamati ikazaa kamati ndogo, kamati ndogo ikaenda Florida ufukweni kujifunza, na leo, kwa mujibu wa fremuweki shirikishi ya uwezeshaji wa haki, natamka rasmi kwamba Ofisi ya Mawakili wa Bure imefunguliwa. (Makofi. Harufu ya kambare wa kukaanga inafika, makofi yanapungua.)

Tazameni nyuma yangu. Vijana wanne, suti nyeusi, viatu vinang'aa, nyuso zimejaa huruma. Utafiti wetu unaonyesha kwamba asilimia mia moja na saba ya washtakiwa wataridhika, na hao saba wa ziada hatujui wametoka wapi, lakini tunawakaribisha.

(Hapa anasimama Mama Verlene Gaddis, mpishi mstaafu wa kantini ya shule. Mwanawe Jarvell yuko jela tangu kiangazi kwa wizi wa mashine ya kukatia nyasi, ambayo mjomba wake alimwazima kwa mkono wake mwenyewe. Hajaona wakili hata kivuli. Kesho asubuhi anapelekwa mahakamani: akikiri, siku alizokaa ndani zinahesabiwa kifungo na anatoka, ila na doa la mwizi maisha yake yote, akikana, anarudishwa ndani kusubiri.)

("Harlan, mwanangu," anasema, "mimi ndiye niliyekuwa nakuongezea mkate wa mahindi ukianza kulia. Sasa niambie, yupi kati ya hawa ni wa Jarvell?")

Swali zuri, mama, ndiyo demokrasia hiyo. Chagua yeyote, wote ni wa viwango vya kimataifa.

(Mama anapanda ngazi, anamshika mkono yule mrefu, anamweleza yote: mashine, mjomba, kesho. Kijana anasikiliza kwa adabu, macho chini, kisha anasema polepole, "Pole sana, mama. Mngependa jeneza liwe wazi, au tulifunge?")

(Kambare tu ndiye anayesikika, akichemka kwenye mafuta.)

Utani wa wanasheria huo, ndugu zangu, wasomi wana mambo yao. Naona muda umetutupa mkono, basi itikieni kwa sauti. Wakili! (Bure!) Haki! (Bure!) Kamishna Tuttweiler! (Bure kabisa! Ni jela nzima hiyo, na mbwa wa Sherifu.)

Asanteni kwa imani hiyo. Namshukuru Bwana Lester Ogletree wa nyumba ya mazishi kwa kutuazima vijana wake pamoja na suti zao, na naomba muwapishe njia, wana maziko saa nane. Naishukuru kamati kwa ofisi hii, ambayo mwakani, Mungu akijalia, tutaanza kuifikiria. Na wewe, Mama Verlene, nakushukuru kwa uvumilivu wako. Kesho mwambie kijana akiri tu yaishe. Wakili yeyote angemwambia hivyo hivyo.