Redio ya Pijo la Marehemu

Jumatatu, 7 Septemba 1981

Nimechoka. Mwalimu wa kisomo cha watu wazima anasema tuandike kila siku, herufi zisitukimbie. Haya, naandika. Ijumaa nyingine imepita na Omari hakuja. Nilimpikia pweza wa nazi, nikakaa mlangoni mpaka pweza akawa kama mpira. Mwanangu huyohuyo mmoja, dereva wa pikapu ya ofisi ya korosho! Akitoka msikitini hapiti kwangu hapa Ufukoni. Moja kwa moja Likombe, kwa Mwanakombo, mama wa mkewe. Kisa? Mwanakombo kaletewa redio kaseti kutoka Dar. Inameza kanda, inatoa taarabu. Jirani yangu Rozalia kamwona Omari kajilaza pale kwenye mkeka, anakunywa chai ya maziwa. Maziwa! Huku sukari yenyewe tunaisikia jina tu. Na ule mkeka je? Sakafu ya saruji ile. Atapata kikohozi.

Jumanne, 8 Septemba

Nimepata akili. Redio ya Pijo!

Baba yake Omari, marehemu Athumani, alipomuuzia Gulamabbas wa Mikindani teksi yetu, Pijo lile la Kifaransa, aliing'oa redio kwanza. Gulamabbas akakuta tundu. Walinuniana miaka. Mungu awasamehe wote wawili.

Redio ile! Uso unang'aa, vitufe vitano kama meno ya bandia, taa ya manjano kama kiini cha yai. Ukiiwasha haisemi. Mpaka ipate joto. Athumani alikuwa akisema iacheni, hata yeye asubuhi hasemeshwi. Omari akilia tulimlaza kiti cha nyuma, tunaifungua, analala. Tukipanda mlima wa Newala sauti inakatika. Tukifika juu inarudi, mwimbaji kashamaliza. Hizi za sasa plastiki tupu, zinabwata hapohapo. Hazina haya.

Nimeitafuta. Ipo bandani. Kuku anaatamia juu yake. Nimemwondoa, kanidonoa mkono wa kuandikia.

Jumatano, 9 Septemba

Mohamedi, fundi wa magari, kaipangusa, kaiunga na spika yake. Kasema mama, redio nzima, inataka betri ya gari tu. Nikamwambia tafuta. Akasema siku hizi hata magari yenyewe hayana betri. Nikasema kuna mayai. Akakuna kichwa.

Nimemtuma Rozalia kwa Omari: Ijumaa aje bila kukosa, kuna kitu cha baba yake. Mwanakombo alikuwepo. Kacheka, kauliza ni kitu gani hicho, madeni? Mwanamke yule!

Alhamisi, 10 Septemba

Betri imekuja! Mohamedi kaibeba ndani ya gunia, jasho linamtoka. Akaanza, mama, lakini betri hii ni ya... Nikamkata. Nisipojua, sitaulizwa. Akasema lakini mama. Nikamshikisha mayai, nikafunga mlango. Betri nimeifunika khanga, isionekane chafu mbele ya wageni.

Ijumaa, 11 Septemba

Waya wa antena nimeutundika kwenye kamba ya nguo. Watu wamejaa uani. Nikawasha. Kimya. Wakasema imekufa. Nikawaambia subirini, nyie watu wa haraka! Taa ya manjano ikawaka taratibu. Machozi yakanitoka, nikasingizia moshi.

Ikasema Kireno.

Rozalia kazaliwa ng'ambo ya Ruvuma, anakijua. Kasema ni Msumbiji, wanatangaza bei ya pamba. Nikabonyeza vitufe vyote. Pamba. Watu wakasikiliza pamba, wakala pweza wangu, wakashukuru.

Omari hakuja. Badala yake kaingia Mwanakombo! Kasema anamtafuta mkwewe, leo hajamtia machoni. Kaitazama redio, kasema kumbe ndiyo hiyo, mhesabu pamba. Nilikuwa na hofu, na yeye alikuwa na hofu. Tukakaa mkeka mmoja tunatazama njia. Nikampa pweza aliyebaki. Kamtafuna muda mrefu.

Jumamosi, 12 Septemba

Omari kaja. Kwa miguu! Uso umemshuka. Kasema pikapu aliiacha kwa Mohamedi, breki zitengenezwe. Jana anakwenda kuichukua, betri hakuna. Mohamedi naye hakuna, kaenda Mahurunga kumzika shangazi. Ofisini wamemweka mpaka magharibi wanamuuliza betri kaiuza kwa nani. Ikisemwa imeuzwa, kazi hana.

Huku anasema, jicho limefuata waya mpaka kwenye khanga. Kaifunua. Namba ya ofisi hiyo hapo ubavuni, kwa rangi nyeupe.

Akasema, mama. Basi. Nilitamani ardhi inimeze.

Nikamwambia nitakwenda mwenyewe kwa mkubwa wake, nitamlilia. Akasema kwa jina la Mungu nisiende. Nikamwambia basi kabla hujaiondoa, iwashe. Akakataa. Kisha akaketi juu ya kinu, akawasha, akangoja, kidole juu ya kitufe, vilevile kama baba yake. Dar ikaja! Muziki wa dansi, safi. Haukufika mwisho mwanangu kalala, kichwa ukutani, mdomo wazi. Nikamfukuzia nzi.

Alipoamka kaibeba betri begani. Kasema atajieleza ofisini, fundi aliiazima. Lakini tatizo lingine moja tu na gari lile, watamfukuza. Kila Ijumaa atakuja kula kwangu, betri iwepo isiwepo. Sharti moja: mama, usifanye kitu. Nimeapa.

Jumatatu, 14 Septemba

Sijafanya kitu. Ofisini wamemsamehe. Asubuhi kapita na pikapu, kapiga honi, kapunga mkono, hakusimama. Vumbi likaelekea Likombe. Na Ijumaa bado mbali.

Mohamedi karudi. Shangazi hakufa, anaendelea vizuri. Nimemkaribisha chai. Nimemuuliza, kwa kuuliza tu, mtu akilegeza nati gani pikapu inazima mbele ya mlango wangu, isifike Likombe. Katoa macho. Nimemwambia za breki asiguse. Mimi ni mzazi.