Konokono Mtoboaji wa Binti Yangu

Jumatatu, 3 Juni
Binti yangu ana akili! Kazitoa kwangu, sina haja ya kuapa. Kwa maonyesho ya sayansi ya shule kapeleka konokono wa baharini, mweupe kama yai, kwenye karai la maji ya chumvi. Eti mpole yule ni mwindaji: hutoboa gamba la chaza, akamla mwenyewe humo ndani. Mshindi ataenda wiki nzima kituo cha utafiti wa bahari. Nafasi moja tu! Mwanangu hali, halali, anakiwaza kituo.

Jumanne, 4 Juni
Balaa! Konokono kajichimbia mchangani. Mwalimu kasema kisichoonekana hakipewi alama. Nikamwaga mchanga wote. Akajifungia gambani kama mtu aliyesusa. Nikampa kabichi. Hakugusa! Binti kalia, kasema mama nakuomba, usimguse tena. Nikaahidi.

Jumatano, 5 Juni
Ahadi ni ahadi, lakini mgeni afe njaa? Jirani yangu fundi cherehani anajiona sana: binti yake kapanga chaza hai kumi na wawili kwenye tangi la kioo. Karamu hiyo! Nikajitolea kufagia chumba cha maonyesho. Konokono nikamhamishia tangini, karai nikalirudishia mchanga. Binti atadhani kajichimbia.

Ijumaa, 7 Juni
Fundi kapiga ukelele! Chaza mmoja mtupu, ana tundu la duara, safi kuliko matundu ya vifungo anayoshona yeye. Wa pili kapandwa na konokono, bado anatobolewa! Fundi kaniita mchawi. Nikasema konokono yule simjui. Binti kasema ni wetu, kamwomba fundi radhi, kisha kawaeleza majaji: hulainisha gamba kwa majimaji yake, halafu hulikwangua kwa ulimi wenye vijimeno. Jaji mkuu mdomo wazi. Ushindi! Nimepiga vigelegele mpaka mlinzi kaja mbio. Binti kaomba mwenzake wa chaza naye aende. Wakakubali. Moyo huo nao kautoa kwangu.

Jumamosi, 8 Juni
Binti kanikalisha kitako. Kasema mama, ujanja basi, tena basi. Nimeahidi kwa machozi. Wazazi hawaruhusiwi kituoni. Bahati nzuri wanatafuta mpishi. Nimewaandikia kwamba nimepikia kambi za watu mia tatu, miaka kumi mfululizo. Nyumbani tuko wawili, na wali wangu huungua. Hilo dogo. Nimeshanunua aproni.